Kumtafutia Mtu Msikilizaji Wake

Baba yangu alikuwa akivuka mto kwenda kunyolewa. Kijijini kwetu, huku delta ya Rufiji, kinyozi tulikuwa naye, tena jirani, na wembe wake ulipita kichwani bila kusumbua. Lakini nywele za baba zikianza kumwasha, alichukua mtumbwi, akavuka, akakanyaga matope mpaka kwa mzee mmoja mzito wa masikio ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akirudi, kichwa kimejaa mikwaruzo. Mama alikuwa anamcheka. "Mume wangu, umetoka kunyolewa au umetoka kupigana na paka?" Baba anajipapasa kichwa, anasema, "Huyu wa hapa ananyoa vizuri, ila anasikia."

Ndilo jibu lake, hana jingine. Mimi mtoto, nikaona mzee anachanganya maneno. Nikakua, nikalima mpunga, nikapakia nguzo za mikoko Nyamisati, nikaoa, baba akafa, na kinyozi yule naye akafa. Jibu lile nimekaa nalo tu kama kipande cha chombo usichojua kimetoka wapi. Ni kazi iliyokuja kunifafanulia, na kazi yenyewe sikuitafuta.

Siku ya kwanza nilipewa fagio, ndoo na jiko la mafuta ya taa. Niliajiriwa kuwa mhudumu wa zahanati, na mhudumu ndiye anayefanya kila kitu ambacho wenye vyeti hawafanyi. Asubuhi nafagia, nachemsha mabomba ya sindano, nachota maji, naita majina. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo majina ya watu wa bara yalinipiga chenga, nikawa naita "wewe mwenye kofia". Mkubwa wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, maana yake mkuu wa kituo, si mganga wa mizizi. Alinitazama siku hiyo ya kwanza, akaniuliza, "Saidi, damu unaogopa?" Nikamjibu, "Naogopa, Bwana Mganga." Akasema, "Vizuri. Wasioogopa huwa wanamwaga maji machafu popote." Nikaanza kazi.

Baada ya miaka kadhaa wakanihamishia upande wa Kibiti, kwenye kituo kikubwa zaidi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mitumba imejaa barabarani, wanunuzi wa korosho wanakuja kila mtu na mzani wake, matibabu nayo yakaanza kuchangiwa. Ndipo shirika moja likaleta kitu kinachoitwa ushauri nasaha. Akaja Mratibu kutoka wilayani kutueleza. Akasema mtu akiwa na jambo linalomla ndani, ugonjwa ule mpya, au msiba, au ndoa, anakaa na mshauri faragha, anasema. Akasema pia tusimwite mgonjwa, tumwite mteja. Nikacheka, nikadhani sasa hata huzuni imeingia dukani. Mratibu akaendelea, "Na mshauri hamwambii mteja la kufanya. Anamsikiliza mpaka mteja mwenyewe aone." Nikamuuliza, "Sasa Bwana Mratibu, kama hashauri, si angeitwa msikilizaji?" Akasema swali zuri, akaenda kunywa chai.

Aliyepelekwa kusomea kazi hiyo alikuwa Nesi Perpetua, Mnyamwezi wa Tabora, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akarudi na cheti. Akapewa chumba kilichokuwa stoo, kikawekwa viti viwili vinavyotazamana na pazia la bluu mlangoni. Mganga Mfawidhi wa hapo akaniita. "Saidi, wewe mwenyeji. Nesi anajua kusikiliza, lakini watu wa huku hawajui. Kaa pale nje kwenye benchi. Anayekuja, zungumza naye kwanza habari za mvua, halafu uone anamfaa nani."

Anamfaa nani. Hapo ndipo kazi yangu hasa ilipoanzia, maana wasikilizaji hawakuwa Nesi peke yake. Palikuwa na imamu, palikuwa na katekista, na palikuwa na bibi mmoja, somo, yaani mwanamke anayewafunda mabinti, ambaye wanawake wengi hawakukubali mwingine. Mwenye jambo alikaa karibu yangu, tukaongea mvua, nguruwe walioingia shambani, bei ya korosho, na mimi namsoma kidogokidogo.

Nilikosea mara nyingi. Mwalimu mmoja wa bara, Mkristo, alikuwa na tatizo la ndoa. Nikampeleka kwa katekista nikijua nimepatia. Kesho yake kaja uso umefura. "Saidi, yule ndiye anayetangaza ndoa zetu kanisani. Nimwambie yangu?" Akaishia kwa imamu. Wakawa wanakunywa kahawa kila alasiri, na nasikia dini hawakuigusa kabisa. Mama mwingine wa Umwe alimkataa Nesi kwa sababu ni mgeni, na mwenzake siku hiyohiyo akamtaka Nesi kwa sababu hiyohiyo, kwamba huyu mgeni hamjui mama mkwe wangu. Nikajifunza swali langu la kwanza. Nikawa namuuliza mtu, "Unataka akujue, au asikujue?" Hilo peke yake lilinisaidia sana. Swali la pili nilifundishwa na Mbonde.

Mbonde si jina lake, nimembandika. Alikuwa mkata nguzo upande wa Nyamisati. Mamba alimchukua mdogo wake mbele ya macho yake, wakiwa ndani ya maji wanapakia mashua. Tangu hapo Mbonde hakukanyaga maji. Alikaa nyumbani akitazama ukuta, chakula anagusa tu, maneno hana. Mkewe, Bi Zainabu, ndiye aliyemleta, akamwacha kwenye benchi, akanivuta pembeni.

"Kaka Saidi, mume wangu yupo lakini hayupo. Watoto wanampita kama wanapita nguzo."

"Imamu mmemwona?"

"Kamsomea. Mama mkwe kakaa palepale, mjane wa marehemu kakaa palepale, maana ua ni mmoja. Mume wangu katikisa kichwa tu. Mganga wa jadi naye ni binamu yake." Akafuta uso kwa kanga. "Nakwambia kweli, kaka. Mpunga ukivunwa, nachukua watoto narudi kwetu Mahege. Siwezi kulala na ukuta."

Nikafikiri, huyu anataka asiyemjua. Nikampeleka kwa Nesi, nyuma ya pazia la bluu. Walikaa muda mrefu. Nesi akatoka amechoka. "Hajasema hata jina lake, Saidi. Nimemuuliza, nimenyamaza, nimenyamaza mpaka nimesikia njaa. Analitazama pazia." Halafu kwenye benchi wale wengine wameshaanza kunong'ona, maana aliyepita pazia lile kila mtu alimhesabia ugonjwa ule mpya. Mbonde naye aliwasikia.

Bi Zainabu alikuwa ameenda gengeni kutafuta gari la kuwarudisha. Nikamkalisha Mbonde nyuma ya jiko la kituo, kwenye gogo, asitazamwe na watu. Nesi alikuwa amemaliza zamu. Alikuwa amenunua korosho ghafi, na akataka kuzichoma mwenyewe. Akazimwaga kwenye debe lililotobolewa matundu, akawasha makuti. Ninyi mnaozila kwenye pakiti hamjui: ganda la korosho lina mafuta makali, yakishika moto yanaruka na kubabua ngozi. Moto ukapanda, moshi ukatanda, Nesi anakohoa na mti mkononi anauchomeka huku na kule. Akatoa chache, akazipiga jiwe, zikawa unga. Mimi nilikuwa napasua kuni pale karibu. Nikasikia sauti nisiyoijua.

"Unazichoma au unazizika?"

Ni Mbonde. Nesi hakugeuka. "Nimeulizwa na nani?"

"Mndengereko."

"Ala. Kumbe mnasema. Mimi nilijua Mungu alipofika Rufiji ndimi zilikuwa zimemwishia."

"Na alipofika Unyamwezi akawa amebakiwa na mabega matupu, akasema hawa watabeba mizigo."

Shoka langu likasimama hewani. Wanyamwezi na sisi Wandengereko ni watani, wazee walisema tangu misafara ile ya zamani, walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu vichwani. Mtani wako anakutukana na huna haki ya kununa. Msibani anaweza kuchukua kofia ya marehemu akaivaa, akamwiga anavyotembea, na wafiwa wakacheka. Hayo sote tuliyajua. Ila nguo nyeupe na vile viti viwili vilikuwa vimetusahaulisha kwamba Nesi naye ni mtu wa kabila.

Mbonde akasogea, akamnyang'anya lile jiwe. "Kaa kando. Ukiipiga tumboni inapondeka. Piga mgongoni, taratibu, hivi." Ikatoka nzima. Akakaa kwenye gogo upande wa Nesi, wote wanautazama moto, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Mikono myepesi," Nesi akasema. "Ndiyo maana ninyi nguzo nzito mnaziachia njiani."

Mbonde akapiga korosho moja, akapiga ya pili. "Kweli tunaachia," akasema. "Mimi nilimshika mdogo wangu mkono, nikamwachia."

Nesi hakugeuka, hakusema pole, hakuacha kazi. Akamsogezea korosho nyingine. Nami nikachukua kuni zangu, hata zile ambazo sijapasua, nikaondoka, kwa sababu yaliyofuata hayakuwa yangu. Mpaka leo siyajui. Nilipokuwa kule mbele nikawa nasikia jiwe, ta, ta, na kati ya jiwe na jiwe sauti ya mwanamume, chini kwa chini, kwa muda mrefu. Bi Zainabu akarudi na habari ya gari. Nikamwambia, "Shemeji, acha gari liende. Mtapata jingine."

Basi ikawa siku za kliniki Mbonde anakuja, anapita nyuma moja kwa moja. Pazia hakulipita tena. Msimu ule tulikula korosho mpaka tukachoka. Siku moja Mratibu akaja ukaguzi bila taarifa, akakuta chumba kitupu, akazunguka mpaka nyuma ya jiko.

"Nesi, huu ndio ushauri nasaha?"

"Ndiyo, Bwana Mratibu."

"Mteja yuko wapi?"

"Ndiye huyu anayenitukana."

Mratibu akasimama pale, suruali yake imepigwa pasi vizuri, moshi unamfuata. Mbonde akampa korosho. Akala. Akasema, "Endeleeni," akarudi mbele, na alipoondoka akatuagizia mabenchi mawili yasiyo na pazia, yakawekwa nyuma kule. Alikuwa mtu mwelewa yule.

Nimejiuliza sana. Nesi ni yuleyule, masikio ni yaleyale, mafunzo yaleyale aliyoyapata kozini, na ile subira ya kutosema pole naamini aliitoa hukohuko. Kwenye kiti hakufaa, kwenye gogo akafaa. Toka siku hiyo nikaongeza swali la pili: "Unataka akutazame, au mtazame kitu kingine?" Wengi waliposikia swali hilo walinikodolea macho, kana kwamba nimewauliza kiatu chao namba ngapi na wao hawajawahi kuvaa kiatu.

Nilistaafu wakati washauri wameshakuwa wengi, vijana waliosoma, na vibao barabarani. Ni jambo jema. Watu wa ukoo wanakuja kwangu bado, "Babu, nimeenda kwa fulani, sikuelewana naye, basi mimi sifai kusaidiwa." Nawaambia hapana. Wewe na yeye hamkulingana, basi. Mwambie ahsante, nenda kwa mwingine, na asikuonee haya wala wewe usimwonee. Na kabla ya kwenda, jiulize yale maswali yangu mawili. Msikilizaji wako huenda ni mwenye cheti, huenda ni bibi somo, huenda ni yuleyule uliyemwacha jana, akiwa ameshika kitu mkononi. Baba yangu alivuka mto kumtafuta wa kwake. Nilitamani nijue alikuwa anamwambia nini yule kinyozi, miaka yote ile, wembe ukitetemeka. Lakini nadhani hata kinyozi hakujua.

Bi Zainabu nilikutana naye sokoni, mpunga umeshavunwa zamani. Nikamuuliza, "Hujaenda Mahege?" Akasema, "Nikafanye nini, kaka? Jana kanigombeza, mboga haina chumvi." Akanunua chumvi, akaenda zake.

Nimerukaruka, sikueleza siku ya mwisho ya Mbonde. Ilikuwa kliniki kama nyingine, debe liko motoni. Mbonde alikuwa katikati ya kazi. Akaweka jiwe chini, akajipangusa mikono kwa majivu, akainuka.

"Unakwenda wapi, mtani? Zimebaki hizi."

"Malizia mwenyewe. Umeshajua."

"Sijajua. Naziponda bado."

"Basi kula zilizopondeka."

Hakuaga. Akapita pale uzio ulipoanguka, akashika barabara ya Nyamisati, hakugeuka. Siku ya kliniki iliyofuata Nesi aliwasha moto, akavuta mabenchi mawili. Na iliyofuata, mawili. Halafu akawa anavuta moja.