Jumapili Niliyosimamisha Mkokoteni

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuomba nipewe filimbi. Wenzangu wa mgambo pale Kariakoo walipewa virungu wakaridhika. Mimi nilimfuata kiongozi wetu hadi kwake, nikamweleza kwamba mtu anayelinda kona ya barabara bila filimbi hawezi kuifanya kazi yake kikamilifu. Alicheka, akanivulia yake shingoni.

Lakini kabla ya filimbi kulikuwa na siku za kawaida, na ni haki nianze nazo. Nilikuwa mpimaji katika duka moja la ushirika karibu na soko. Shule niliiachia Masasi, darasa la saba, na mengine nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Nilipima sukari mpaka mshale wa mizani utulie kabisa. Watu wa foleni walichoka.

"We Damiani, unapima sukari au dhahabu?"

Asubuhi moja ya namna hiyo Mchopa aliingia na gunia begani. Alikuwa msukuma mkokoteni, mtu wa Newala, mnene wa shingo, mwingi wa maneno. Kwa kuwa sote tulitoka kusini aliniita bwana mdogo, na akishusha mzigo alikaa juu yake na kumchokoza kila mtu kwa maneno. Siku ile alikuwa akimtania mama mmoja aliyekuja dukani amevaa viatu tofauti. Redio ya duka ikasema adui amevuka mpaka kule Kagera. Mama yule alibaki ameshika kikapu. Mchopa aliinuka kutoka juu ya gunia, kama mtu aliyekalia kitu kisicho chake.

Vita kwetu havikuja na mizinga. Vilikuja na ukimya wa malori. Petroli ilielekezwa mpakani, na malori yakachukuliwa kwenda kubeba askari na vyakula. Bwana Salim, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, alilitazama lori lake likipakwa matope ubavuni ili lisionekane porini. Lilipoondoka alichukua fagio, akafagia pale lilipokuwa likiegeshwa. Mabasi yalipungua mpaka watu wa Buguruni wakawa wanatembea kwa miguu hadi Posta, viatu mkononi, wavivae wakifika mlangoni pa ofisi. Jumapili barabara zilibaki tupu kabisa.

Kila kilichokuwa kikibebwa na lori sasa kilibebwa na akina Mchopa. Zamani walitoa mzigo kona ya mtaa na kuuingiza dukani. Sasa waliufuata stesheni, wakaukokota juani, na ujira ukabaki uleule wa zamani. Walimwambia meneja wetu. Akawaambia wavumilie. Walimwambia tena. Halafu asubuhi moja tulikuta mikokoteni imepinduliwa kando ya Barabara ya Msimbazi, magurudumu juu, na wenyewe wamekaa kivulini wanacheza bao.

"Mmegoma?" meneja aliuliza. Neno lenyewe lilimtisha, maana nyakati zile halikutamkwa ovyo.

"Hatujagoma, bosi," Mchopa alisema. "Tumepumzika."

"Nchi iko vitani, nyie mnapumzika!"

"Unga wa wapiganaji tumeusukuma jana mpaka stesheni. Bure. Muulize yeyote. Huu wa dukani, kwa ujira ule, sukumeni wenyewe." Kisha akanitazama mimi, na kitambaa cha mgambo nilichokuwa nimekifunga mkononi tangu vita vianze. "Mbona kamanda mnaye hapa? Apulize filimbi, labda magunia yatakuja yenyewe."

Foleni nzima ilicheka. Akina mama walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa ncha za kanga. Mimi nilicheka kwa midomo tu.

Unga ukakosekana. Watu walianza kupanga foleni dukani penye rafu tupu, kwa tumaini tu, na waligombana wakiwa humo. Nasi mgambo tukapewa amri: mzigo wowote uliofunikwa usipite bila kibali, kwa sababu walanguzi walikuwa wakihamisha bidhaa. Niliikariri amri hiyo njiani. Niliogopa nisije nikasahau neno moja.

Jumapili alasiri nilikuwa kwenye kona yangu ya Barabara ya Uhuru. Upande wa Buguruni ukatokea mkokoteni, unakuja kasi. Juu yake palikuwa na turubai lililofungwa pembe zote kwa kamba. Anayesukuma alikuwa Mchopa. Pembeni alikimbia mama mtu mzima, ameshika turubai kwa mkono mmoja.

Niliwaza haraka, na niliwaza vibaya. Niliwaza: kumbe huyu anayepumzika siku za kazi, Jumapili anawabebea walanguzi. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilikumbuka kile kicheko.

Nilipuliza filimbi.

"Tupishe, Damiani," Mchopa alisema. Hakuniita bwana mdogo.

"Kibali."

"Tupishe, nakuomba."

"Umebeba nini?"

Akamtazama yule mama. Mama akatazama chini.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana hata hapo nilitaka kufanya kila kitu sawasawa. "Humu mna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Vitu vya nyumbani."

"Vitu gani?"

Alinyamaza. Mimi ni mtu wa bara kidogo, lakini nilikuwa nimeishi na watu wa pwani muda wa kutosha kujua. Uchungu wa mwanamke hautangazwi. Hautajwi mbele ya wanaume, hautajwi njiani, kwa sababu ni aibu, na kwa sababu wanaamini ukitajwa unarefuka. Nilijua hayo. Nilikuwa nimeyasikia katika nyumba niliyopanga. Pale kwenye kona hayakunijia kabisa.

Watu walikuwa wameshajaa. Filimbi iliwaita. Vijana, wauza karanga, waliotoka kanisani, wote walitaka kuona sukari ya mlanguzi.

"Fungua!" mmoja alipiga kelele.

"Hapa hapafunguliwi," mama alisema. Aliweka viganja vyote viwili juu ya turubai.

Nilimwondoa mikono. Sikumsukuma. Nilimwondoa taratibu, kidole kwa kidole, kwa adabu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilifungua kamba ya kwanza. Mchopa alinishika bega, vijana wawili wakamvuta nyuma.

Kamba ya pili ilikuwa na fundo gumu. Nilihangaika nalo. Ningeweza kuikata, lakini kamba ilikuwa mali ya mtu.

Turubai likafunuka.

Msichana alikuwa amelala ubavu, kanga zimemvuka magotini, kitambaa amekiuma menoni ili asisikike. Alitutazama sote.

Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

Mama alijitupa juu yake, akamfunika kwa mwili wake. Mchopa alirudisha turubai peke yake, akafunga kamba zote mbili. Alipomaliza alisimama mbele yangu.

"Puliza basi," alisema. "Puliza, watupishe njia."

Niliweka filimbi mdomoni. Mdomo ulikuwa mkavu, na haikutoa sauti.

Ilibidi Mchopa mwenyewe awapigie watu kelele ndipo wakapisha.

Wiki hiyo meneja alikubali kuongeza ujira, na mikokoteni ikageuzwa. Mchopa alirudi dukani na gunia la kwanza. Alilishusha, hakulikalia. Nilimuuliza habari za yule msichana. Jina lake, alisema, ni Asha. Mumewe alikuwa askari, yuko mbele huko Kagera.

"Hospitali tulifika. Yeye mzima. Mtoto hakukaa." Akaongeza, akiwa ameshanipa mgongo, "Wagonjwa na maiti hatukuwagomea. Ungeuliza ungeambiwa."

Nilikwenda Buguruni kuomba radhi. Bi Mwanahawa, yule mama, alinikaribisha kiti ukumbini. Mlangoni mwa chumba palikuwa na pazia, na nyuma yake nilisikia mtu akipumua. Nilisema niliyokuwa nimeyapanga. Niliyapanga vizuri mno, na nilipokuwa nikiyasema nilisikia yanavyonuka kupangwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto ni wa Mungu," alisema. "Muuguzi alituambia huenda alikuwa ameshachoka kabla hatujafika kwako. Mimi hilo sikudai. Lakini mwanangu ameonwa na wanaume wote wale. Sasa hataki kutoka nje, hata kisimani hataki. Hilo utanirudishiaje?"

Nilikunywa maji aliyonipa, nikaaga.

Lile neno "huenda" nililishikilia kwa muda mrefu. Nilijiambia huenda hata wangepita moja kwa moja isingesaidia. Ni kweli, huenda. Lakini ule muda nilioutumia kwenye fundo la pili haukuwa wa Mungu, ulikuwa wangu. Na ile sitara ilikuwepo mpaka nilipoiondoa mimi.

Askari walirudi kwa ushindi. Mji mzima ulijipanga barabarani, na mimi nilisimama nyuma kabisa ya watu, nikiogopa kila uso uliopita, kwa kuwa sikumjua mume wa Asha. Baadaye nilisikia alimchukua mkewe na mama mkwe wake, wakahamia Kilwa. Sijui alielezwa nini. Nilibaki mgambo mpaka mwisho wa vita, si kwa uzalendo, bali kwa sababu kuacha kungenilazimu kueleza kwa nini.

Watu wetu wengi walikufa kule mpakani na ng'ambo yake. Najua mtoto mmoja wa Buguruni hahesabiwi nao. Mimi namhesabu.

Sasa petroli inapatikana mara kwa mara, na Bwana Salim ana lori jingine. Mimi bado ni mpimaji. Si mgambo tena, na nikimuuliza mtu amebeba nini, akanyamaza, namwacha apite.