Mkanda au Shafti

Kaka yangu aliitwa Gia, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja. Gari likilia mahali fulani huko chini, yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akataja jino lililokatika kabla hajashika spana. Maringo alikuwa nayo, sikatai. Fundi wa injini kwake alikuwa mtu wa kumwaga oili tu, na mimi, niliyeshona nguo miaka ishirini, nilikuwa "mdogo wangu wa vitambaa."

Siku giaboksi ilipochomoka kwenye jeki na kumwangukia mkono wa kulia, maringo yale yalinywea. Mifupa iliunga, lakini vidole vikabaki vizito. Mtaalamu wa viungo alimwambia avitumie kila siku kwa kazi ndogo ndogo, maana mkono usiotumika hukakamaa. Nikampa vifungo na sindano, akavisukuma pembeni. Ndipo mwenyewe akasema anataka gari la rimoti, lile la mashindano linalouzwa vipande vipande, uliunge mwenyewe skrubu kwa skrubu.

"Likienda sawa, narudi gereji," alisema. "Lisipoenda, basi, ufundi umekwisha."

Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba sikujua.

Dukani kulikuwa na aina mbili. Zote zilizungusha magurudumu manne. Tofauti ilikuwa namna nguvu ya mota inavyoyafikia. Moja ilitumia mikanda miwili ya mpira yenye meno, nyingine shafti moja ya chuma katikati. Kaka alipokwenda kuangalia matairi, muuzaji akaniuliza gari litakimbizwa wapi. Nikamwambia ukumbini, kwenye zulia.

"Basi chukueni la mkanda, dada. La shafti ni gumu, linafaa penye vumbi. Lakini ukilipa moto, ukiliongezea kasi ghafla, linavuta upande. Hapo si kosa la aliyeliunga, ndiyo tabia yake."

Kaka aliporudi nikamwambia, "Kaka, mi naona tuchukue la mkanda."

Alicheka mpaka wateja wawili wakageuka. "Mkanda? Mkanda ni wa cherehani, mdogo wangu! Niachie vyuma mimi. Nikitaka suruali nitakuita."

Wateja nao wakacheka. Muuzaji alitaka kusema kitu, mtu akamwita upande wa pili. Maneno yake yote nilikuwa nayo mdomoni, uso unaniwaka, nikayameza. Nilijisemea, haya mjuaji, utaona mwenyewe.

Akanunua la shafti. Wiki tano aliliunga kwenye meza yangu ya kukatia. Mwanzoni skrubu zilimponyoka, tukazitafuta wote wawili kwa magoti katikati ya nyuzi na vipande vya bitana. Kufikia wiki ya nne hazikumponyoka tena, na alikuwa akipiga mluzi. Mara nyingi nilitaka kusema, na kila nilipotaka nilikisikia kile kicheko. Kiburi ni cha ukoo mzima, hakikumwishia yeye peke yake.

Ukumbini gari liliondoka vizuri. Alipolipa moto, likavuta kulia na kugonga ukuta. Akalirudisha, likavuta tena. Akalifungua lote pale pale sakafuni, akapima kila kipande, akaliunga upya. Kasoro hakuiona, kwa kuwa haikuwepo. Likavuta.

"Nimeliunga kombo," alisema taratibu, "na hata hilo kombo lenyewe silioni. Basi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Nilimtazama, kinyongo bado kimenikaa rohoni, nikamwambia, "Pole, kaka. Twende nyumbani."

Kesho yake aligawa spana zake zote kule gereji. Akapata kazi ya kukaa getini, akiinua kizuizi kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliutia mfukoni, ukawa unashinda humo.

Nilimwambia baada ya mwaka na nusu. Alikuja nimpunguzie kiuno cha suruali ya kazi, amekonda, nami nikashindwa kuvumilia. Nilimweleza yote: muuzaji, zulia, tabia ya shafti. Nilitarajia anitukane, na ningeshukuru.

"Kwa hiyo nililiunga sawa," alisema.

"Uliliunga sawa, kaka. Mkono ulikuwa mzima."

Akautoa mfukoni, akachukua mkasi wangu mezani, akajaribu kuufumbata. Vidole vilifika katikati, vikagoma. Akajaribu tena, midomo ameibana, kisha akaurudisha mkasi mahali pake.

"Wakati ule vilikuwa vinafunga," alisema.

Nikamwambia ndiyo, kaka, vilikuwa vinafunga.