Ujumbe wa Kliniki Ulioingia Kwenye Simu Yangu

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa heshima kubwa nawatangazia kuwa mimi, Baba Koku, mwenye mvi na kitambi, ni mjamzito.

Kituo cha afya kimethibitisha kwa ujumbe wa simu leo asubuhi!

Mke wangu kasema kwa kitambi hiki hashangai.

Chekeni basi, maana mimi sicheki tena. Nina hasira.

Jirani yangu (jina silitaji, limeshatajwa vya kutosha leo) hana simu. Alipoandikishwa kliniki alitoa namba yangu. Hapa Nkwenda ndivyo tunavyoishi. Mfumo wao mpya wa kompyuta ukamwanika: mimba, siku ya kliniki, na jina.

Nimekwenda kituoni. Dada wa mapokezi ananiambia, "Shikamoo mzee. Mfumo ndivyo ulivyo."

"Si mlitutangazia kwenye mkutano wa kijiji kuwa ni wa bure na mnaweza kuubadilisha wenyewe?"

"Tunasubiri maelekezo."

Maelekezo ya kuandika "Fika kituoni kesho" tu, bila mimba wala jina? Jamani, nyie mnaonaje?

Sasa ukweli wote. Ujumbe niliusoma mimi, kwa sauti, dukani kwangu, nikitaka kuchekesha wateja. Jina lilikuwa mwishoni kabisa. Mwenyewe alikuwa pale ananunua chumvi, mama mkwe wake pembeni. Mimba mbili zilishamtoka. Hii alikuwa hajamwambia mtu ila mumewe.

Nimemwomba radhi, nikamuuliza kama naweza kuandika haya.

"Andika tu, Baba Koku," akasema. "Amebaki nani asiyejua?"