Lipoe Kwanza

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Lushoto nikaambiwa mama wa upepo hatunaye tena. Wasomaji wangu wa kule juu hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba alikuwa mama wa makamo aliyejaza matairi upepo pale mjini, sweta juu ya kanga, geji ikining'inia shingoni kwa kamba. Hakuna mtu aliyewahi kuniudhi namna ile nikaja kumshukuru namna hii.

Tulijuana kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanda mlima kutoka Muheza na machungwa buti nzima, na kesho yake nilipaswa kumshusha mama yangu, anayeishi Kwai, kwenye miadi ya macho. Kibandiko cha mlango wa dereva kinasema upepo wa tairi uwe thelathini na tatu. Geji yangu ikasoma thelathini na nane. Nikamwendea. "Shikamoo mama. Nipunguzie upepo, yamejaa mno." "Marahaba. Umeingia sasa hivi?" "Sasa hivi, na nina haraka." Akaweka mgongo wa kiganja kwenye tairi kama anayempima mtoto homa. "Lina moto bado. Upepo ukipata moto unavimba, geji inasoma juu. Namba ya mlangoni ni ya tairi lililopoa. Lipoe kwanza, upime asubuhi kabla hujawasha." "Mama, gari langu nalijua mwenyewe!" "Gari unalijua, baba. Mlima je?" Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikavuka barabara kwa fundi mwingine, naye akasema "Sawa, bosi," akatoa upepo hadi thelathini na tatu. Nilimsifu sana yule.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu. Nikampakia mama mbele, shangazi wawili na mdogo wangu nyuma. Sikupima. Kumbe usiku matairi yalipoa, upepo ukashuka chini kabisa ya namba, na mimi nimejaza watu watano. Usukani ulikuwa mzito, gari linayumba kila kona, nami nikasingizia barabara. Kwenye kona moja tairi la mbele kushoto likagonga jiwe, likachanika ubavu, gari likavuta kuelekea korongoni. Nikang'ang'ana nalo, likasimama. Mama hakupiga kelele. Alishuka, akatazama chini, akaniuliza: "Ulipima?" Nikasema nilipima, kana kwamba ile ya jana inahesabika. Nilimdanganya mama yangu pembeni mwa korongo, jamani! Aibu ile ninayo hadi leo. Tangu siku hiyo alishuka mlima kwa basi tu, na kila nilipojitolea kumpeleka aliniambia nipumzike.

Nilirudi kwa mama wa upepo nikitegemea kusutwa. Habari za korongoni zilikuwa zimeshamfikia. Akauliza tu, "Mama mzima?" "Mzima." "Basi keti. Lipoe kwanza." Nikaketi karibu saa nzima. Akanieleza kwamba namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wake, si kipimo cha kujazia, na kwamba kibandiko changu kina mistari miwili: mmoja wa gari lenye watu wachache, mwingine wa gari lililojaa. Miaka yote nilikuwa nasoma mmoja.

Siku hizi magari yanawasha taa ya njano upepo ukipungua, na pampu ndogo za umeme zimejaa madukani. Vizuri sana. Lakini fundi anayetuambia tungoje bado tunamkimbia, na wa "sawa, bosi" tunamsifia. Tunafanya hivyo maofisini, tunafanya hivyo kwa madaktari, na mimi nimewahi kuandika safu hii nikiwa na moto hivyo hivyo. Nimeamua kuacha. Anayeniharakisha atanisamehe.

Tulimzika Ijumaa, kijijini kwao Malindi, ile ya huku huku milimani Lushoto, si ya pwani. Nililala Kwai. Jumamosi alfajiri, kabla sijagusa ufunguo, nilichuchumaa kwenye umande nikapima matairi yote manne na la akiba, kwa mstari wa gari lililojaa, kwa kuwa shangazi zangu nao walikuwa wanashuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, tayari kwenda kusubiri basi. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Umepima?"

"Nimepima, mama. Yamepoa."

Akaja, akafungua mlango wa mbele, akakaa.