Kipa wa Machungani

Juzi hapa Nkende niliwatazama kwenye televisheni wasichana wetu wa timu ya taifa ya vijana wakicheza ugenini. Kipa aliporuka, nilikumbuka harufu ya matambara yanayoungua.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja wazee walikuja kumposa dada yangu Robi. Mmoja akauliza kama binti ana nguvu. Nikidhani namsaidia, nilidakia, “Sana! Machungani anadaka mpira kuliko wavulana wote.”

Wageni waliacha pombe ya mtama kibuyuni wakaondoka. Baba akautupa mpira wa matambara wa Robi motoni. Sikuelewa. Si nguvu ndiyo waliyoiulizia? Robi alipolia akitaka kujua nani kasema, nilimsingizia mtoto wa jirani. Robi hakudaka tena.

Mechi hiyo ya juzi ikiendelea, nikampigia simu Robi, ambaye sasa ni bibi huko Kerende.

“Dada, siku ile ni mimi niliyesema.”

“Nilijua. Lini uliwahi kuficha neno wewe?” Nyuma yake watu walikuwa wakipiga kelele. “Sasa nyamaza, wanapiga penalti.”

Sijui kama huko ndiko kusamehewa. Nilinyamaza, simu sikioni, tukaingoja penalti pamoja.