Redio Alipoambiwa Anyamaze

Mpwa wangu ndiye anayepiga chapa barua za madaktari katika kituo cha afya cha mtaani kwetu, na kazini wanamwita Redio. Jina hilo hakulipata kwa umbea. Umbea ni fani yangu mimi, na katika ukoo mzima sina mpinzani.

Daktari akishamwona mgonjwa, huongea kwenye kinasa sauti. Mpwa wangu husikiliza, akaipiga barua, daktari akaipitia, kisha barua ikahamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta, ndani ya faili la mgonjwa mwenyewe. Daktari mwingine ataikuta humo. Isipokuwemo, ni sawa na haikuandikwa.

Kuhamisha kwenyewe, nilivyoelezwa, ni kunakili huku na kubandika kule. Nikamwambia kazi hiyo hata mimi, niliyeiacha shule mapema nayo ikashusha pumzi, ningeifanya kwa mkono mmoja huku nakunywa chai.

"Ndiyo maana hawajakuajiri, Mjomba," akanijibu.

Shida iko katikati. Ule mfumo huacha wazi faili la mgonjwa uliyemshughulikia mwisho, na ukibandika, barua inamwingia yeyote aliye kwenye skrini. Kompyuta haiulizi. Kwa hiyo mpwa wangu akajiwekea desturi: akiwa kwenye barua husoma jina na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti; akifika kwenye faili husoma tena kwa sauti; sikio likiridhika, anabandika. Kutwa anatangaza. Ndipo akaitwa Redio.

Halafu akaja msimamizi mpya, mama mmoja mpole, akasimama mlangoni. "Dada, naomba upunguze sauti. Ukuta huu ni mbao tu, na wagonjwa wanakaa upande wa pili."

Mpwa wangu alinuna, lakini akatii. Wiki hiyo akafanya kazi kimyakimya.

Jumapili akaja kula kwangu. Akakaa, akainuka. Akaenda dirishani, akarudi, akashika kijiko, akakiweka. Akaosha glasi iliyokuwa safi.

"Wewe binti," nikamwambia, "unaipima sakafu yangu unataka kuinunua?"

"Mjomba, niache."

"Kuna kijana amekuchanganya? Nitajie, nikamwone. Kijana mwenyewe hatalala."

Hakucheka. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nikajua jambo ni zito.

Lilikuwa hivi. Kuna mgonjwa, nitamwita Fundi, wala msijisumbue kukisia, maana nimeshambadilisha kuanzia umri hadi kazi. Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa akatwe uvimbe begani hapo hapo kituoni, na daktari mgeni. Daktari wake wa kawaida alikuwa amegundua kwamba penisilini inamziba pumzi, akaandika barua kwamba asidungwe kabisa. Ijumaa mpwa wangu alikuwa ameshainakili barua hiyo, mara akaitwa mapokezi, kompyuta yao imeganda. Aliporudi akabandika, akahifadhi, akaendelea na nyingine.

"Ukabandika kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa Fundi."

"Una hakika?"

Akakishika tena kijiko. "Nakumbuka nikibandika. Sijisikii nikimtaja."

"Si mwenyewe anaijua hali yake? Atasema."

"Yeye anajua aliumwa baada ya sindano. Ni sindano gani, hajui. Kesho akidungwa ile ile?"

Mke wangu akaondoa sahani yake. "Mpeleke mtoto, kabla hajatutoboa sakafu."

Nikawasha gari langu, ambalo wasiojua magari huliita bovu. Njia nzima mpwa wangu alikuwa anakanyaga mafuta upande wake, ambako hakuna pedali. Taa ikiwa nyekundu anaikazia macho kana kwamba ina deni lake.

Jumapili kituoni huwa kuna nesi wa zamu peke yake. "Redio!" akamkaribisha. "Leo hakuna matangazo!" Alipouona uso wa mwenzake, akatoa ufunguo.

Nikataka kuingia nao.

"Mjomba, humu huingii. Ni siri za watu."

"Mimi ni damu yako!"

"Hiyo haifungui faili."

Basi nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nimenuna. Kukawa kimya. Halafu nikasikia sauti yake, jina la Fundi na tarehe yake ya kuzaliwa. Kisha, "Haimo. Dada, haimo."

Nilisimama bila kujijua. Nilisikia kiti kikiburutwa, nesi akisema, "Tulia. Kabla yake ulimshughulikia nani?" Mpwa wangu akataja jina la mama mmoja. Akalifungua faili lake, na barua ya Fundi ikawa imelala humo, imetulia kama iko kwao. Mpwa wangu akaisoma yote kwa sauti, akamtaja Fundi kwenye barua, akamtaja kwenye faili, akabandika, akaisoma tena yote mpaka mwisho. Akaiondoa kwa yule mama. Nesi akampigia simu daktari mgeni, akamweleza.

Akatoka ametota jasho.

"Nani aliyekuleta?" nikamuuliza. "Nakidai kituo hiki medali!"

Halafu sikuongeza neno, na hilo likamshtua. "Mjomba, una nini?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Yote. Mpaka aya ya mwisho."

Akaugeukia ukuta, akaugonga kwa vidole. Ukalia kama bati la biskuti. "Kumbe yule msimamizi alikuwa na haki," akasema polepole.

Jumatatu Fundi alikatwa uvimbe wake, akapewa dawa nyingine, akarudi nyumbani anapumua vizuri. Mpwa wangu alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akaeleza barua ilikopotelea, akaomba chumba kingine. Akapewa stoo ya nyuma, ya matofali, penye vitanda vilivyovunjika. Alianza kwa kukagua barua zote za wiki ile ya kimya. Nyingine zote zilikuwa mahali pake, lakini hakutulia mpaka ya mwisho. Sasa anatangaza humo atakavyo, na siku hizi akija kwangu anakula amekaa.

Mimi ndiye nisiyekaa. Ile aya ya mwisho haikuwa ya penisilini. Nakutana na Fundi karibu kila siku, ananisalimu, ananivutia kiti, nami nadai nina haraka. Tangu nizaliwe sijawahi kulaza neno. Hili limelala ndani yangu na linapiga mateke.

Jumapili iliyopita nilikuwa dirishani, nikaenda mlangoni, nikarudi dirishani. Mpwa wangu alikuwa anatafuna, hata kichwa hakuinua.

"Kaa, Mjomba," akasema. "Sakafu ni yako, huna haja ya kuipima."