Paa Moja Halitoshi

Sisi watu wa ziwani tukisafiri na wakwe hatuhesabu vitanda kwanza. Tunahesabu mapaa. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, na huyo mume hathubutu kujilaza mahali ambapo paa lililomfunika yeye limemfunika pia mama wa mkewe. Anayetaka kucheka acheke. Mimi mwenyewe nimeicheka desturi hii, nimeitukana, na mwaka ule mafuriko yalipozidi nililia kwa sababu yake.

Mama yangu anakaa bondeni Kano, si mbali na Ahero. Maji yalipoingia nyumbani kwake na kulowesha godoro, nilimpigia simu nikamwambia aje kwangu Kisumu. Nina chumba cha wageni na kitanda kizuri. Akanijibu, "Nyathina, hiyo ni nyumba ya mkwe wangu." Nyathina ni kusema mwanangu. Akiniita hivyo najua mjadala umekwisha. Akaenda kulala katika darasa la shule ya msingi pamoja na familia nyingine, juu ya madawati yaliyounganishwa, mpaka mvua ikaisha.

Aliporudi kwake, usingizi haukurudi naye. Tone moja likigonga bati tu, anaamka kupapasa sakafu kama imelowa. Nilimtembelea nikamkuta na macho mekundu. Nilikasirika. Nilikasirikia mto, nikakasirikia serikali, nikamkasirikia na yeye. Nikaapa kwamba mwanamke huyu atalala, apende asipende.

Ndipo nikafikiria hoteli ya kisiwani. Mimi nauza mapazia ya mtumba soko la Kibuye, na mteja wangu mmoja alikuwa ameisifu hoteli hiyo wiki nzima: mchanga, upepo, vitanda vyenye neti nyeupe. Nikaona hapo ndipo pa kumshinda mama. Hoteli si nyumba ya mkwe. Ni ya mwenye hoteli, na mwenye hoteli hajaoa kwetu. Kwenye simu nilionyeshwa picha ya kile walichokiita nyumba ya familia: vilele vitatu vya makuti vimepangana, vimelitazama ziwa. Nikahesabu moja, mbili, tatu. La mama, letu, na la ziada. Nikaagiza siku mbili bila kuuliza swali. Nani huuliza kitu anachokiona kwa macho yake?

Tulivuka kwa boti asubuhi. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na amepakata mkoba wake. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, mtu mkubwa asiye na maneno mengi, alikaa nyuma kabisa na kuwapa mgongo abiria wote ili asije akakutana macho na mama mkwe wake. Kule ng'ambo tulipewa sharubati, tukafungwa bangili za karatasi mkononi kuonyesha sisi ni wageni, tukaongozwa kwenye njia yenye maua.

Mume wangu ndiye aliyeona kwanza. Alisimama kwenye nyasi na mabegi mawili, mguu haumwendi. Nikatazama. Vile vilele vitatu vilikuwa vya paa moja. Chini yake kulikuwa na sebule moja katikati, na vyumba vitatu vikiizunguka.

Mama akainua uso, akatazama juu. Akageuka, akarudi mpaka gatini, akaketi kwenye benchi. Nilipomfikia alisema, "Boti inarudi saa kumi. Narudi nayo." Nikamwona tayari amelala chini ya bati lake Kano, akisikiliza matone.

Nikakimbilia mapokezi. Msichana pale alikuwa na adabu, nisimsingizie. "Madam, lakini kila room iko na mlango yake."

"Paa ni moja."

"Tunaweza weka pazia hapo katikati."

Pazia! Ananiambia mimi. Nimeuza mapazia mazito na mepesi, ya satini na ya pamba, na ninajua vizuri pazia linaweza kuficha nini na haliwezi kuficha nini. Nikamwambia aniitie meneja.

Meneja alikuja na tabasamu. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimejaa, akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, "Mama, hizi ni mambo ya kitambo. Wageni wetu wengine hawana hii shida."

Mpaka dakika ile nilikuwa upande wake. Njia nzima kutoka gatini nilikuwa nikisema moyoni maneno hayohayo, tena kwa ukali zaidi. Lakini mimi nina ruhusa ya kuyasema. Nimezaliwa ndani ya desturi hii. Yeye hakuwa na ruhusa hiyo. Mgeni wenu akisema hali nyama mnampikia mboga bila kumuuliza babu yake alikuwa nani. Mwingine akitaka mto laini zaidi mnaukimbilia. Mama yangu akiomba paa mnamwambia habari za kitambo? Nilimwambia hayo yote, na sauti yangu ilifika jikoni, kwa maana niliona wapishi wakichungulia.

"Nyumba ni ya mama," nikamalizia. "Mume wangu atatafuta paa lingine."

Sikuwa nimemwuliza. Alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akishusha pumzi. Mara moja akachukua begi lake, akatoka kwa lango la nyuma kuelekea kijiji cha wavuvi, na sijawahi kumwona mtu yule akitembea haraka namna ile. Kabla ya saa kumi alinitumia ujumbe kwamba mwenye mtumbwi mmoja amempa nafasi katika banda la nyavu. Nikaenda gatini nikamwambia mama paa lote ni lake. Akakubali kubaki, boti ikaondoka bila yeye.

Nikadhani nimeshinda. Asubuhi nilimkuta kwenye kiti, na gauni lake na viatu vyake, mkoba mapajani, kitanda hakijaguswa. "Mkwe wangu yuko nje kwa ajili yangu," alisema. "Nitalalaje?" Nilitaka kulia na nilitaka kumtikisa mabega. Heshima si utumwa, wanasema. Siku hiyo niliona kama ni utumwa mtupu.

Tukaenda kunywa chai. Baraza la chakula liko karibu na lango la nyuma, kwa hiyo tulisikia kila neno mlinzi alilomwambia mtu aliyekuwa nje.

"Mzee, samaki inapelekwa kule jikoni."

"Sikuleta samaki. Mimi ni mgeni hapa."

"Mgeni gani anatoka huko kijijini? Bangili yako iko wapi?"

Mume wangu alikuwa na shati la jana, magamba ya samaki yamemganda mkononi. Bangili yake ya karatasi ilikuwa imelowa ikakatika alipokuwa akiwasaidia wavuvi kuvuta mtumbwi. Alisimama tu, mpole, begi mkononi. Ni mtu wa kusubiri mpaka jibu lenyewe lionekane. Nikaruka kutoka kitini, damu imenipanda, lakini mama alikuwa amenitangulia.

Hakumkaribia. Alisimama hatua kumi hivi kutoka langoni, uso ameugeuzia ziwani kama inavyotakiwa, akamwambia mlinzi, "Fungua. Huyo ni mkwe wangu."

"Mama, mimi nafuata sheria. Bila bangili siwezi fungua."

Mama akaitazama bangili yake. Akaivuta ikakatika, akaitupa miguuni pa mlinzi.

"Basi na mimi sina. Nitoe nje pia."

Watu waliacha vijiko. Mlinzi akatazama bangili, akanitazama mimi, na mimi nikaanza kuvuta yangu.

"Nimemkwepa huyu mtu miaka kumi na minane," mama akasema, bado ametazama maji, "kwa sababu namheshimu. Amejenga mahali nisipoweza kulala, na bado ananiletea unga na mafuta bila kunitazama usoni. Wewe umemwona leo asubuhi tu. Unamfungia kwa sababu gani?"

Mlinzi akafungua.

Meneja akafika na lile tabasamu lake, limepungua kidogo. Mama hakumpa nafasi. "Mwekee meza yake, kule mwisho. Na chai ianze kwake." Meneja akasema atafanya hivyo, ila labda ingekuwa rahisi kwa wote tukirudi na boti ya saa nne. Mama akamwambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zangu mbili hazijaisha."

Mume wangu akapelekewa chai kule mwisho. Mama akaketi kwa kumpa mgongo, akasubiri, kisha akaniuliza, "Anakula?" nami nikasema anakula. Hapo ndipo alipoivuta sahani yake. Alikula chapati mbili, mayai, na samaki mzima mpaka kichwa, akavunja mifupa kwa vidole bila kumwomba mtu radhi. Nilimtazama na sikuona utumwa popote.

Kabla hatujamaliza, meneja alirudi kutuambia kuna kibanda cha kuhifadhi jaketi za kuokolea, kimesimama peke yake chini ya mti, kinaweza kuwekwa kitanda cha mume wangu. Mama akaenda kukikagua mwenyewe. Akakizunguka, akatazama juu, akaridhika kwamba paa ni lake peke yake, akarudi kwenye ile nyumba ya vilele vitatu.

Nilimkuta amevua viatu. Baadaye akavua na gauni, akajifunika shuka, akalala ubavu. Nilisimama nikasikiliza pumzi zake mpaka zikawa nzito.

Saa nne msichana wa usafi akaja na ndoo na mashuka, akakuta nimekaa kizingitini, miguu nimeinyoosha kuziba mlango.

"Dada, nataka kufanya room. Hii ndio saa yake."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Kuna mgeni amelala."